Watu Wako Upande Gani

Kilichonitatiza tangu mwanzo ni kwamba hapakuwa na refa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mabenchi ya banda langu mwenyewe pale Segese machimboni, mikono imejaa unga wa maandazi, natazama runinga juu ya vichwa vya watu. Wanaume wanne kwa wanne, wengine vifua wazi, walikuwa wanacheza mpira kwenye uchochoro uliozungushiwa kuta. Mpira haukutoka nje, maana nje haikuwepo. Ukigonga ukuta unamrudia mtu mguuni. Mmoja akakatwa mtama hadi akagaragara. Hakuna filimbi, hakuna kadi. Akainuka, akajipangusa, mchezo ukaendelea. Nikauliza, "Sasa hapo nani anaamua faulo?" Mabenchi yakaangua kicheko, na mchimbaji mmoja akanijibu bila kugeuza shingo, "Mama Gemu, mtaani kuna faulo?"

Jina hilo la Mama Gemu nilikuwa nimelipata wiki ileile. Kabla yake nilikuwa mama wa chai na maandazi tu, naketi mlangoni pa banda la jirani. Jirani akasikia kuna rashi, dhahabu mpya inayokimbiliwa na watu, huko upande wa Geita, akauza kila alichokuwa nacho kwa siku moja. Nilichukua runinga, mashine ya gemu, pedi nne za kuchezea na mabenchi yake, na sababu kubwa ilikuwa hofu kwamba atakayenunua mwingine atanitimua pale mlangoni. Sikujua hata mashine inawashwaje. Sidii zilikuwa rundo, lakini vumbi la Segese halina huruma, karibu zote zilikuwa zimekwaruzika. Iliyocheza bila kugandaganda ilikuwa moja, hiyo ya mpira wa mtaani.

Basi nikawa nayo kutwa nzima, na mimi ni mtu wa kuuliza. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa na swali mdomoni. Niliwauliza wateja mpaka wakachoka. Kwa nini huyu yuko peke yake na kipa, halafu anageuka nyuma kupiga danadana? Wamerogwa? Wakanionesha mstari wa njano chini ya runinga. Ukimpiga mtu chenga, mstari unajaa kidogo. Ukimpiga tobo, unajaa zaidi. Ukimvisha kanzu, mpira ukampita juu ya kichwa na wewe ukauwahi upande wa pili, hapo ndiyo kabisa. Ukishajaa wote unapata shuti la moto, linalomsukuma kipa hadi ndani ya goli lake. Kumbe kwenye mchezo ule madoido hayakuwa upuuzi, ndiyo yaliyokuwa mtaji. Asubuhi kabla wateja hawajaja nilikuwa nafunga mlango na kujaribu mwenyewe, vidole gumba vinauma. Mashine ilinifunga kila siku, na sikumwambia mtu.

Baba yangu alikuja mwezi huohuo. Anaishi kijijini, upande wa Ushirombo, na kwa watu wa huko hahitaji kutambulishwa, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa manju wa ngoma ya Kisukuma. Nilimtumia ujumbe aje anisalimie na kupumzika. Sikusema kwamba madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya wilaya kwa wiki mbili, na kwamba wanatoa mtoto wa jicho. Macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu kidogo kidogo hadi akawa anaona mwanga na vivuli tu. Alikuwa anajua mtu kwa sauti, na kikombe kwa kupapasa.

Siku ya pili, baada ya uji, nikamwambia.

"Baba, madaktari wa macho wako hospitali. Wiki mbili tu, kisha wanaondoka."

"Waende salama," akasema.

Nikamweleza kwamba haichukui muda, kwamba hata maumivu si makubwa. Akaniambia kuna mzee kijijini kwao alikwenda kupasuliwa akiona kidogo, akarudi haoni kabisa. Nikauliza mzee huyo ni nani. Akasema sio kazi yangu kujua. Nikamwambia basi hayupo. Akaniambia nimeanza utovu wa adabu nikiwa na miaka mitatu na sijapumzika tangu hapo. Tukanuniana mpaka jioni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikuwa na shamba pale, na chumba changu cha nyuma kilikuwa na joto la kuoka mikate, kwa hiyo siku ya tatu nilimpa baba benchi ndani ya banda. Nilimweka mwanzo kabisa upande wa kulia, karibu na mlango. Wachimbaji wakaingia wakimwamkia mmoja mmoja, "Shikamoo babu," naye akiitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," na baadhi wakamsalimia Kisukuma, "Mwadila," akafurahi sana. Kisha akainamisha kichwa upande, akasikiliza.

"Wanashindana nini?" akaniuliza baadaye.

"Mpira, baba. Wa kwenye runinga."

"Mpira wa kukaa?"

"Wanakaa wao. Wanaokimbia wamo humo ndani."

Akafikiri. Akauliza mbona watu wanapiga kelele wakati hakuna goli. Nikamweleza habari ya mstari wa njano, jinsi kanzu na tobo zinavyoujaza. Nilimweleza kwa kirefu, kwa sababu na mimi nilikuwa bado nafurahia kwamba nimeelewa. Aliponisikiliza mpaka mwisho, akapiga paja lake, akaniita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao.

"Mayu, huo sio mpira. Hiyo ni mbina."

Kwa asiyejua, mbina ndiyo ngoma yetu, na inavyoshindaniwa hakuna jaji wa kukaa mezani. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake. Watu wanazunguka wanakotaka. Wakivutiwa na huku wanakuja huku, wakichoka wanahamia kule. Mwisho wake, penye watu wengi ndipo palipo na ushindi. Manju anaweza kuimba vizuri kuliko wote, lakini watu wakimkimbia ameshindwa, na anakwenda nyumbani akijua hivyo. Baba alikulia ndani ya sheria hiyo. Aliijua kuliko mimi ninavyojua kukanda unga.

Siku mbili baadaye mchezo mmoja uliisha sare, na wachezaji wakaanza kuvutana pedi, kila mmoja anasema yeye ndiye aliyetawala. Banda langu lilikuwa na njia katikati, mabenchi kushoto na mabenchi kulia, na kila mchezaji alikaa mbele ya upande wake. Nilikuwa nimeshachukua mwiko ili niwatoe nje wote wawili. Baba akanyanyua fimbo.

"Watu wako upande gani?"

Tukageuka kutazama. Kweli, bila mtu kupanga, watu walikuwa wamehamia kulia, wengine wamesimama, mabenchi ya kushoto yamebaki na wawili na mzigo wa mtu. Wale walio Wasukuma walielewa papo hapo, wakacheka kwa furaha, na waliotoka mikoa mingine wakaelezwa. Yule wa kushoto akatazama mabenchi yake matupu, akaachia pedi mwenyewe. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya banda. Magoli yakitoshana, watu ndio wanaamua, na baba ndiye anayetangaza.

Ilinishangaza jinsi alivyokuwa hakosei. Sare au si sare, alikuwa anajua mchezo unakwendaje kabla sijamwambia. Alisikia benchi linalia, kandambili zinaburuzwa, mtu anavuta pumzi. "Yule wa kushoto kamvisha mtu kanzu," anasema, na kweli kamvisha. Nilijaribu kumtega. Nilimwambia makusudi kwamba fulani anaongoza, akanijibu, "Wewe unatazama runinga. Mimi naona kwa watu." Na hapo ndipo nilipodhoofika. Utabishana vipi kuhusu macho na mtu anayeona kuliko wewe? Kila asubuhi nilikuwa nataja hospitali, lakini kwa sauti ya chini zaidi kuliko jana yake, naye ananiambia nimwekee chai. Wiki ya kwanza ikaisha. Wiki ya pili ikafika katikati. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupasua, kisha Jumamosi wanawafungua bandeji waliopasuliwa na kuondoka.

Alhamisi mchana palikuwa na fainali. Wateja walikuwa wameandaa mashindano wenyewe, na mimi nilitoa jogoo awe zawadi. Waliobaki walikuwa wawili: mwendesha karasha wa palepale Segese, mtu mnene mpole anayesaga mawe ya wenzake tangu asubuhi, na mchimbaji kutoka Mwakitolyo, mwembamba, mwenye maneno mengi. Wa karasha alikaa kushoto. Wa Mwakitolyo alikaa kulia, upande wa baba. Banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya ndoo zangu.

Siwezi kusahau mchezo ule. Wa karasha, ambaye mitaani hasemi neno, kwenye pedi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alibamiza mpira ukutani, ukarudi, akampiga mtu tobo, akabamiza tena, akamvisha wa pili kanzu, na kila mara nilijiuliza alijifunzia wapi ujeuri ule. Wa Mwakitolyo alikuwa anafunga tu, bila madoido, huku akitukana kwa Kisukuma. Watu walianza kumhamia wa karasha. Mabenchi ya kushoto yakajaa hadi yakalalamika.

Kisha mvua ikaja. Mvua za kwanza za huku hazibishi hodi. Bati likaanza kupigwa kiasi kwamba hatukusikia tena sauti ya runinga. Na bati langu lilikuwa na matundu ya misumari, yote juu ya mabenchi ya kushoto. Nilikuwa nayajua. Maji yakaanza kama matone, mara yakawa mikondo kabisa, yakimwagika kwenye shingo za watu. Watu wakaruka njia ya katikati, wakajibana upande wa kulia, macho bado kwenye runinga, wanaendelea kupiga kelele. Wa karasha peke yake hakuondoka. Alibaki pale amelowa, shati limemganda mgongoni, anacheza.

Mchezo ukaisha nne kwa nne.

Niliona yote. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa baba. Ningeweza kuinama na kumwambia sikioni kwamba kumevuja. Nilinyamaza, na sababu yake ninaijua vizuri: nilitaka kujua atasema nini. Huo ulikuwa udadisi tu, ule wangu wa siku zote.

Baba akasimama. Akasikiliza. Kelele zote zilikuwa kulia, pua kwa pua na yeye. Akapapasa, akaushika mkono wa yule wa Mwakitolyo, akaunyanyua.

"Watu wamesema," akatangaza.

Halafu mtu wa nyuma akasema, "Babu, sisi tumekimbia mvua!" na banda zima likalipuka kwa kicheko. Hawakuwa na nia mbaya. Walicheka kama wanavyocheka wao kwa wao wakitelezeana kwenye matope. Hata wa karasha alicheka, akamwambia wa Mwakitolyo achukue jogoo, na wa Mwakitolyo akakataa, wakawa wanasukumiana yule jogoo wa watu. Baba alikuwa bado ameshika ule mkono. Akauachia polepole. Akatafuta benchi kwa fimbo, akalikosa, akalitafuta tena. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na ilikuwa yangu.

Mvua ilipopungua, watu wakatawanyika. Nilimpeleka chumbani, nikampa shuka kavu. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Palikuwa panavuja upande gani?"

"Kushoto, baba."

"Uliona watu wanahama?"

"Niliona."

"Na hukuniambia."

"Sikukwambia. Nisamehe, baba."

Nilingoja anigombeze, na ningefurahi angenigombeza. Alisema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Alisema kuna mwaka alishindana na manju wa kijiji cha pili, mtu mzima kuliko yeye, mwenye sauti nzuri kuliko yeye, na hilo alilikiri bila kuulizwa. Walicheza kutwa. Watu walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, na alasiri wakahama ghafla, wote, wakaja kwake. Yule mzee alivunja ngoma zake kesho yake na hakuimba tena maisha yake yote. Baba alikula heshima ya siku ile kwa miaka.

"Palikuwa na upepo," akasema. "Vumbi jingi. Macho yangu yalikuwa yameshaanza, na sikuwa nimemwambia mtu. Niliwasikia watu wamenijia, nikajua nimeshinda. Sikuona wamekimbia nini."

Nilitaka kumwambia kwamba walimfuata yeye, kwamba mimi nina hakika. Sikuwa na hakika, na yeye angenijua kwa sauti.

"Yule mzee alikufa," akasema. "Siwezi kumuuliza."

Tukasikiliza matone yanayoanguka kwenye beseni. Kisha akauliza, "Hao madaktari wako bado wapo?"

"Kesho ndiyo mwisho."

"Tuondoke mapema."

Tulipanda bodaboda moja wote watatu, mshikaki, dereva mbele, baba katikati na mimi nyuma nimemkumbatia kiuno. Njiani alikuwa ananiuliza maswali kwa kupaza sauti juu ya upepo. Wale watu wa kwenye runinga wamevaa nini miguuni? Viatu. Vyote vya aina moja? Hapana, kila mtu na vyake. Na ukuta wao ni wa tofali au wa udongo? Nilimjibu yote. Hapo ndipo nilipogundua nimerithi maswali kwa nani.

Hospitali tuliambiwa orodha imejaa. Muuguzi alikuwa amechoka, ninamwelewa sasa, lakini asubuhi ile sikumwelewa. Nilimwambia sitoki. Nilimwambia anihesabu kama sehemu ya jengo. Baba akanivuta kitenge na kusema, "Mayu, acha ujeuri," kisha mwenyewe akamwamkia muuguzi kwa upole, akamwambia amekawia kwa ujinga wake na anaomba asamehewe. Muuguzi akatutazama wote wawili. Tukaandikwa wa mwisho.

Daktari alikuwa mama mmoja kijana. Alimmulika baba muda mrefu. Jicho la kulia, akasema, halikuwa na mtoto wa jicho peke yake. Presha ya ndani ilikuwa imeliharibu siku nyingi na halirudi. La kushoto angelijaribu. Nilimuuliza ingekuwaje kama tungekuja mapema. Akasema, "Mngekuja mwaka juzi, labda." Mwaka juzi nilikuwa nimeshaona baba anapapasa vikombe. Niliuliza kila kitu maishani mwangu, hilo sikuuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Jumamosi asubuhi waliwakalisha wazee kwenye benchi refu kwenye veranda, kila mmoja na bandeji yake, na sisi ndugu zao tukasimama mbele. Muuguzi alianza upande mmoja. Bibi wa kwanza alipofunguliwa aliitazama miguu yake mwenyewe na kusema, "Yesu wangu, kucha!" Wa pili alilia tu. Baba alikuwa wa tano. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya fimbo. Mimi ndiye niliyekuwa na hofu, kwa sababu nilikuwa nimemleta mimi, na kama lingekuwa giza ningekuwa nimelileta mimi pia.

Bandeji ikatoka. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Alilipepesa. Akautazama ukuta, akamtazama muuguzi, akafuata ndege aliyepita juani hadi alipopotea nyuma ya paa. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu mno, na mimi sikuthubutu kuuliza.

"Mayu."

"Abee, baba."

"Una mvi."

"Ninazo, baba. Miaka sasa."

Akainua mkono kama atakayezigusa, akaurudisha juu ya fimbo.

"Kumbe siku zote hizi nilikuwa namgombeza mtu mzima."

Nilicheka, kisha kicheko kikanigeukia kikawa kilio, pale mbele za watu, na sikujali. Aliningoja nimalize. Akasimama na, kwa mazoea, akanyoosha mkono nimshike, akaniuliza mlango wa kutokea uko wapi. Nikamwambia atazame mwenyewe. Akageuka, akautazama, akatangulia.